MAMA SARAH HALE, MJANE ALIYEWAANDIKIA MAPREZIDA WATANO



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa wa zamani, safari hii tunawaletea habari ya mwanamke mmoja wa Marekani. Jina lake Sarah Josepha Hale. Alizaliwa mwaka 1788, akafa mwaka 1879. Hakuwa bibi ya prezida, hakuwa binti ya tajiri, na katika maisha yake yote hakupata ruhusa ya kupiga kura hata mara moja. Lakini yeye ndiye aliyehangaika mpaka inchi nzima ikapata siku moja ya konje, na ile siku ingali inafanywa mpaka leo.

Kwa lugha yao siku hiyo inaitwa Thanksgiving, ndiyo kusema Siku ya Kushukuru. Inaangukia Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11. Biro zinafungwa, masomo yanafungwa, watoto waliotawanyika wanarudi kwa wazazi wao, na watu wanakula bata mzinga pamoja. Watu wengi wanafikiri siku hii imetoka moja kwa moja kwa wale Waingereza waliofika Plymouth kwa meli. Ni kweli kwamba mwaka 1621, kisha kuvuna mavuno yao ya kwanza, walifanya karamu ya siku tatu pamoja na mfalme Massasoit na watu wake wapata 90 wa kabila la Wampanoag. Lakini karamu ya mwaka mmoja si konje ya inchi. Ili siku iwe ya inchi yote, kunahitajika karatasi yenye sahihi ya mkubwa wa inchi. Kwetu Congo pia ni vile: siku za konje zinawekwa kwa ordonansi ya Prezida, haziji zenyewe. Basi tuone ile karatasi ya Marekani ilipatikana namna gani.

UTOTO WAKE

Sarah alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 10, mwaka 1788, katika mji mdogo wa Newport, jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini penye baridi kali. Baba yake, kapteni Gordon Buell, alikuwa amepigana katika vita vya uhuru juu ya Waingereza. Mama yake alipenda sana vitabu, naye ndiye aliyemfundisha binti yake kusoma.

Wakati ule msichana hakupokelewa katika universite hata moja ya Marekani. Kaka yake Horatio aliingia Dartmouth, lakini Sarah alibaki nyumbani. Sasa angalieni akili ya wale ndugu wawili. Kila mara Horatio aliporudi kwa likizo alifungua vitabu vyake mbele ya dada yake na kumfundisha yote aliyofundishwa yeye. Hivi ndivyo Sarah alivyosoma masomo ya universite bila kukanyaga mlango wake. (Dartmouth yenyewe ilikubali wasichana mwaka 1972 tu.) Alipofika umri wa ujana akawa mwalimu wa watoto, kazi ambayo siku zile iliachiwa wanaume zaidi.

UJANE

Mwaka 1813 aliolewa na David Hale, ambaye alikuwa avoka. Ndoa yao ilikuwa na furaha. Kila jioni walikaa pamoja saa mbili nzima kusoma na kuandika, sawa wanafunzi wawili wanaotayarisha ekzame. Bwana yake hakumwona kuwa mtu wa jikoni tu, alimsukuma aandike.

Lakini mwaka 1822 David alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa. Alimwachia Sarah watoto wanne, na wa tano alikuwa angali tumboni. Mkubwa wao alikuwa na miaka 7. Tangu siku ile Mama Sarah alivaa nguo nyeusi za maombolezo, na hakuzivua mpaka kufa kwake, ndiyo kusema miaka 57.

Mjane mwenye watoto watano atakula nini? Kwanza alijaribu kushona na kuuza kofia za wanawake pamoja na wifi yake. Kazi ile hakuipenda. Rafiki za marehemu bwana yake wakamsaidia kuchapa kitabu chake cha mashairi mwaka 1823. Kisha, mwaka 1827, akatoa hadithi ndefu inayoitwa Northwood. Ndani ya kitabu kile aliandika sura nzima juu ya chakula cha Siku ya Kushukuru kwao New Hampshire: meza, nyama, mikate, jamaa wote waliokusanyika. Tukumbuke neno hili, kwa maana hapa ndipo mbegu ilipopandwa. Zamani zile siku hiyo ilijulikana zaidi katika yale majimbo ya kaskazini, na kila guverneri alichagua tarehe yake mwenyewe. Jimbo hili leo, jimbo lile juma lijalo, na jimbo lingine hapana kabisa.

GAZETI

Kitabu kile kilimpa jina. Mwaka 1828 aliitwa Boston aongoze gazeti la wanawake. Mwaka 1830 alitoa kitabu kidogo cha mashairi ya watoto, ndani yake mna lile shairi la msichana Mary na mwana-kondoo wake, ambalo watoto wanaosoma Kiingereza wanalijua po pote duniani. Fundi Edison alipojaribu mashini yake ya kushika sauti mwaka 1877, maneno aliyosema ndani yake yalikuwa ya shairi lile.

Kule Boston Mama Sarah aliona bibi na wajane wa mabaharia wakishona nguo kwa mshahara wa kudharauliwa. Mwaka 1833 akaanzisha shirika la kuwasaidia, likawafungulia duka ambamo kazi yao ililipwa vizuri zaidi. Mwaka 1840, wanaume waliposhindwa kupata feza za kumaliza nguzo ya ukumbusho wa vita kule Bunker Hill, yeye na wanawake wenzake walifanya soko la siku chache na kutoa dolari 30,000.

Mwaka 1837 gazeti lake lilinunuliwa na bwana Louis Godey wa Philadelphia, naye akamshika aendelee kuliongoza lile lake kubwa, Godey's Lady's Book. Mbele ya vita vya mwaka 1861 lilifika kwa watu 150,000 waliolilipa, hesabu kubwa sana kwa siku zile. Ndani yake Mama Sarah alidai wasichana wasomeshwe, wanawake wawe waganga, na bibi mwenye bwana awe na haki juu ya mali yake. Alisaidia pia kwa kalamu yake wakati Vassar, universite ya wanawake, ilipoanzishwa mwaka 1861.

KARATASI YA PREZIDA

Sasa turudi kwa habari ya siku ya konje. Mbele ya Mama Sarah, maprezida wengine walikuwa wamekwisha kutoa tangazo la kushukuru. Wa kwanza ni George Washington. Tarehe 3 mwezi wa 10, mwaka 1789, wabunge walipomwomba, alitangaza kwamba Alhamisi tarehe 26 mwezi wa 11 iwe siku ya kushukuru kwa ajili ya serikali mpya. Alitangaza tena siku nyingine mwaka 1795. Prezida wa pili, John Adams, naye alitangaza siku za kufunga na kuomba. Wa tatu, Thomas Jefferson, alikataa. Yeye aliona kwamba sheria kubwa ya inchi haikumpa prezida kazi ya kuagiza watu mambo ya maombi. Wa nne, James Madison, alitangaza siku ya kushukuru mwaka 1815, vita na Waingereza vilipokwisha. Kisha yeye, kimya. Miaka karibu 50 ikapita bila prezida hata mmoja kutoa tangazo la namna ile.

Hapa tufahamu jambo moja. Tangazo la prezida si sheria ya kudumu. Lilikuwa la mwaka ule tu, na mwaka ukipita limekwisha. Tena prezida hakuwa na nguvu ya kuamuru konje ndani ya majimbo, ile ilikuwa kazi ya maguverneri. Yeye aliweza kuagiza katika mji mkuu wa Washington, katika inchi zisizokuwa bado majimbo, na kwa waaskari wa inchi kavu na wa bahari. Wengine aliweza kuwaalika tu.

BARUA ZA MIAKA 17

Karibu mwaka 1846 Mama Sarah alianza kazi hii katika gazeti lake. Alieleza kwamba inchi yao ilikuwa na sikukuu mbili tu za watu wote: siku ya kuzaliwa kwa Washington na siku ya uhuru, tarehe 4 mwezi wa 7. Zote mbili ni za siasa na za mizinga. Aliomba ya tatu, ya nyumbani, ya jamaa kukaa mezani. Alichagua Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa 11, kwa sababu tarehe ya Washington ilianguka pale, na kwa sababu wakati ule mavuno yamekwisha kuingia gala.

Lakini alikuwa na shabaha nyingine tena. Majimbo ya kaskazini na ya kusini yalianza kuchukiana juu ya utumwa wa watu weusi. Yeye aliona kwamba kama watu wote wangekula siku moja na kushukuru siku moja, labda inchi isingepasuka.

Basi akaandika. Kila mwaka gazeti lilirudia ombi lile. Hapo hapakuwa na mashini za kuandikia, ilikuwa mkono na wino. Aliandikia maguverneri wa majimbo yote, mabalozi, wamisionari walio inchi za mbali, na wakubwa wa manowari. Akaandikia Prezida Taylor, hakupata kitu. Akaandikia Fillmore, hakupata kitu. Akaandikia Pierce, kisha Buchanan, ni vile vile. Maguverneri wengi walimwitikia, na mwaka kwa mwaka majimbo yaliyofanya siku moja yaliongezeka. Wengine walimkataa kabisa. Mwaka 1856 guverneri wa Virginia hakutaka, kwa maana aliona siku hii kuwa jambo la watu wa kaskazini, na nafasi ya wahubiri wao kusema juu ya utumwa.

Mwaka 1861 vita vikaanza. Meza ya Mama Sarah haikuvizuia.

MWAKA 1863

Mwanzo wa mwezi wa 7, mwaka 1863, waaskari wa pande mbili walipigana siku tatu kule Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, jimbo lile lile alimokaa Mama Sarah. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walifika karibu 50,000. Prezida Abraham Lincoln alitangaza siku moja ya kushukuru kwa ajili ya ushindi, tarehe 6 mwezi wa 8. Lakini ile ilikuwa ya vita tu, haikuwa ya kila mwaka.

Tarehe 28 mwezi wa 9, Mama Sarah, ambaye alikaribia miaka 75, alikamata kalamu tena na kumwandikia Lincoln. Hakumwandikia kwa machozi, alimwandikia kwa akili. Alimweleza taabu iliyozuia kazi yake yote: hapakuwa na sheria. Halafu akampa njia ya kupita. Prezida atumie nguvu aliyo nayo kweli juu ya mji mkuu, juu ya zile inchi zisizo majimbo na juu ya waaskari, kisha awaalike maguverneri wote wamfuate. Alimwambia pia kwamba amekwisha kumwandikia minisitri Seward.

Siku tano zikapita. Tarehe 3 mwezi wa 10, mwaka 1863, Lincoln akatoa tangazo. Ni tarehe ile ile ya Washington, miaka 74 nyuma yake. Maneno yenyewe yaliandikwa na Seward. Tangazo lilisema kwamba hata katikati ya vita mashamba yalizaa, mashimo ya chuma na makaa yalitoa, na watu waliongezeka, basi ni vema kumshukuru Mungu. Liliomba watu wasiwasahau wajane, yatima na wote wanaolia, na kuomba inchi iponywe. Tukikumbuka yule mama wa nguo nyeusi, tunaona kwamba neno la wajane halikuwa geni kwake. Hata Lincoln mwenyewe alikuwa amemzika mtoto wake Willie mwaka 1862.

Alhamisi tarehe 26 mwezi wa 11, majimbo ya kaskazini yalishukuru. Yale ya kusini yaliyoasi hayakufuata. Mwaka 1864 Lincoln alitangaza tena, na mwaka 1865 aliuawa. Lakini maprezida waliomfuata waliendelea kutangaza kila mwaka, na desturi ikakamata mizizi.

KISHA YEYE

Mama Sarah hakuacha. Alijua kwamba kitu kinachosimama juu ya tangazo la mwaka mmoja kinaweza kuanguka mwaka unaofuata, kwa hiyo aliendelea kuomba sheria. Mwaka 1870 wabunge walitia siku ile katika hesabu ya konje za mji mkuu, lakini tarehe yake waliiacha mkononi mwa prezida. Mama Sarah aliacha kazi ya gazeti mwaka 1877, akiwa na miaka 89. Alikufa Philadelphia tarehe 30 mwezi wa 4, mwaka 1879. Sheria aliyoitaka hakuiona.

Na woga wake ulitimia. Mwaka 1939 mwezi wa 11 ulikuwa na Alhamisi tano. Wenye maduka walilalamika kwamba siku za kununua vitu mbele ya Noeli ni chache, na Prezida Franklin Roosevelt akaisogeza siku nyuma juma moja. Fujo ikatokea. Karibu nusu ya majimbo yalimfuata, mengine yakabaki na tarehe ya zamani. Jamaa moja wakaonekana wanashukuru kwa tarehe mbili, sawa zamani zile za utoto wa Mama Sarah. Mwisho wabunge walifanya sheria, na tarehe 26 mwezi wa 12, mwaka 1941, Roosevelt akaitia sahihi: Alhamisi ya nne, kila mwaka. Tangu barua za kwanza mpaka sheria ni karibu miaka 95.

MAMBO TUSIYOYAFICHA

Wasomaji wapenzi, tukieleza maisha ya mtu mkubwa si vema kufagia upande mmoja wa nyumba tu. Kuna mambo matatu.

La kwanza, Mama Sarah hakupenda utumwa, lakini hakusimama na wale waliotaka uvunjwe mara moja. Aliona heri watu weusi wakombolewe na kupelekwa Liberia, akaandika kitabu juu ya shauri lile mwaka 1853. Lakini wengi wa watu wale walizaliwa Marekani, wazazi wao walizaliwa pale, na jasho lao lilikuwa katika ile ardhi. Alitaka watu wote wakae meza moja, na hakuwawekea wao kiti. Tena gazeti lake, kwa amri ya mwenye mali Godey, lilinyamaza juu ya utumwa na juu ya vita vyenyewe.

La pili, yeye aliyedai masomo kwa wasichana hakukubali wanawake wapige kura. Alifikiri nguvu yao iko nyumbani na katika kalamu. Wanawake wa Marekani walipata kura inchi nzima mwaka 1920, na hawakuipata kwa msaada wake.

La tatu, wana wa wale Wampanoag waliokula karamu ya 1621 walipoteza karibu inchi yao yote. Tangu mwaka 1970, siku ile ile wengine wanapokula, wenyeji wa asili wanakusanyika Plymouth kuomboleza. Kwao si siku ya kushukuru.

TUNAPATA NINI?

Tungeweza kusema tu kwamba Mama Sarah alivumilia, na hiyo ni kweli. Lakini wengi wanavumilia na hawapati kitu. Sisi tunaona kwamba alishinda kwa sababu alijua kila mlango unafunguliwa na nani. Kwa maguverneri aliomba kile guverneri anachoweza kutoa, kwa prezida kile prezida anachoweza kutoa, na kwa wabunge sheria. Maprezida wanne walipomnyamazia, hakuwatukana wala hakukunja mikono. Alirudi kazini kwa maguverneri, jimbo kwa jimbo, mpaka alipofika wa tano, na kazi ilikuwa imekwisha kuwa nusu.

Na yale makosa yake? Nayo yanatufundisha. Mtu anaweza kuona mbali sana upande mmoja, na upande wa pili asione jirani yake. Meza aliyoitandika Mama Sarah ilikuwa kubwa kuliko meza zote za wakati wake, lakini haikutosha watu wote. Wengine walilazimika kuipanua kisha yeye, na wangali wanafanya kazi ile hata leo.